Kocha Aliyeikataa Gesi

Siku ya kwanza kwa Kocha hukushika bastola. Ulipewa kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, ukaambiwa unyooshe mkono na usimame hivyo mpaka yeye amalize kunywa chake. Na Kocha hakuwa na haraka na chai. Alipuliza, akanywa kidogo, akatazama nje, akauliza mahindi ya kwenu yamefika kimo gani. Ukimwaga, unapangusa sakafu. Mimi nilipangusa sakafu ya lile ghala mpaka nikazijua nyufa zake zote.

Tulimwita Kocha, basi. Mwenye ghala alimwita Kocha, askari waliokuja kukagua vibali vyetu walimwita Kocha, na nadhani hata kuku wake walimjua hivyo. Alikozaliwa na ukoo wake sitavigusa, maana mwenyewe angeniuliza hayo yanasaidia nini kulenga. Itoshe kusema kwamba alikuwa muuguzi maisha yake yote ya kazi, kwanza huko Lugulu, halafu kwenye zahanati ya askari, na ni kwa askari hao alikojifunza kulenga shabaha kwa bastola ya upepo. Alianza kwa kutazama. Akaishia kuwashinda wenye sare. Alipostaafu alihamia Kitale, akaazima ghala la mahindi nje kidogo ya mji, akafungua klabu yetu. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo mjini. Mwenzangu Wafula ni fundi wa pikipiki. Wengine walikuwa walimu, makarani, mfanyabiashara mmoja wa vitambaa jirani na msikiti, watu wa kawaida kabisa, na alitufanya tujione wakubwa.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Miaka yote hiyo Kocha alikuwa mtu wa bastola ya springi. Ya gesi aliiita bastola ya wavivu. Kisha vidole vyake vikaanza kuvimba viungoni, springi ikawa nzito kwake, na bado alitaka kushindana Bungoma angalau mara moja tena kwa mkono wake mwenyewe. Ilimbidi achague. Mtu anayefikiri ni jambo dogo hakumjua Kocha.

Kwa asiyezijua bastola hizi, nieleze kidogo. Bastola ya upepo hurusha kidonge kidogo cha madini ya risasi, kisichofika ukubwa wa punje ya mahindi, kwenye karatasi yenye miduara. Hakuna baruti. Ile ya springi unaikunja: unaushusha mtutu kwa nguvu ya mkono mzima mpaka springi iliyo ndani ijibane na kushikwa, unaweka kidonge, unaurudisha mtutu mahali pake. Ukifyatua, springi inaachia, inasukuma hewa, na bastola yote inakupiga teke, kwanza nyuma halafu mbele. Ile ya gesi haina habari ya kukunja. Unaingiza kwenye mpini kichupa cha gesi kidogo kama kidole gumba, unakaza skurubu, na gesi inafanya kazi iliyobaki. Ni laini, haina teke. Mgeni akijaribu zote mbili ataondoka na ya gesi, na siwezi kumlaumu.

Kocha alimlaumu. Alisema gesi inakubembeleza. Asubuhi ya Kitale, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba, gesi nayo inakuwa imelala, na kidonge kinashuka chini ya ulipolenga. Jua likipanda inachangamka, kidonge nacho kinapanda. Ukipiga haraka haraka kichupa kinapoa mkononi, nguvu inapungua. Kikikaribia kuisha hakikwambii. Na vichupa vyenyewe vinatoka Nairobi, kwa hiyo mzigo ukikwama njiani na klabu nayo imekwama.

"Springi ni mbaya," alikuwa akisema, "rakini ni mbaya ile ile kila siku. Hiyo unaweza kuizoea."

Alitamka hivyo, "rakini", kama watu wengi wa kwao, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Springi ina tabia yake: ukiibana kwa nguvu inakasirika, ukiilegeza sana inakutoroka. Vitabu vina maneno mengi juu ya jambo hilo. Kocha alikuwa na neno moja, na alilitoa kazini kwake. "Ishike kama mkono wa mtoto unamchanja. Asitoke, asiumie." Walimu wa klabu, watu wazima wenye ndevu, walisimama mbele ya karatasi wakinong'ona asitoke, asiumie, asitoke, asiumie. Hata leo nikishika kitu chochote cha thamani, sindano ya ng'ombe au glasi za wageni, nasema maneno hayo moyoni.

Sasa nije kwenye kanisa, kwa sababu ndilo lililowashangaza watu zaidi. Kocha alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lake ni lile linalokataa vita kabisa, linalokaa kimya kusikiliza kabla ya mtu kufungua mdomo. Watu waliuliza, huyu mama wa amani anafanya nini na bastola? Na si swali la kijinga. Sisi wa huku, wenye ndugu upande wa mlimani kulikokuwa na mapigano ya bunduki, neno bunduki hatulisikii kama watu wengine wanavyolisikia. Kuna nyumba ambazo hata leo ukigonga mlango kwa nguvu watu wananyamaza kwanza.

Basi siku moja walikuja wazee wawili wa kanisa kumuuliza. Walikuja na suti zao, wakakaa kwenye magunia. Kocha aliwapa chai, iliyojaa hadi ukingoni, akawaambia wanyooshe mikono. Mmoja alikataa. Mwingine alijaribu, akamwaga, akapangusa. Kisha Kocha akawauliza, "Nyinyi mnaona hapa kuna kitu yenye pumzi tunalenga?"

"Hapana," akasema yule aliyepangusa.

"Mnaona mtu anapiga kelele?"

"Hapana."

"Basi mimi nimewafundisha hawa watu kukaa kimya kuliko nyinyi mmefundisha kule kanisani. Mnataka niache nini?"

Ilikuwa kweli. Kabla ya kila mazoezi tulikaa kimya, wote, Wakristo na yule ndugu yetu wa vitambaa, tukisikiliza panya wakitembea darini. Na panya nao walikuwa na sheria yao. Ghala la mahindi bila panya halijajengwa, na kila mwanachama mpya, ndani ya wiki ya kwanza, alipata wazo lile lile la busara: kwa nini tusifanye mazoezi kwa panya? Aliyelisema kwa sauti alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. "Kitu yenye pumzi hailengwi," alisema Kocha, na hilo hakulieleza zaidi. Wale wazee walirudi kwao Lugulu. Yule aliyemwaga chai alirudi tena baadaye, bila suti, akajiunga.

Lakini usimfanye malaika. Huyu huyu asiyelenga chenye pumzi alikuwa akichinja kuku kwa wepesi ambao uliwatia wanaume aibu. Na akimchinja, hakuna aliyethubutu kugusa firigisi. Mnajua kwetu firigisi ni ya nani: ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke akiigusa watu wanatazamana. Krismasi ya kwanza ya klabu, sahani ilipozunguka, Wafula alinyoosha mkono kwa heshima zote ampe mwenye ghala ile firigisi. Kocha akaichukua hewani, akaila polepole akimtazama mwenye ghala usoni, akafuta vidole. "Asante, Wafula," akasema. "Umejua ni ya nani." Tangu siku hiyo firigisi ilikuwa yake bila mjadala. Mwenye ghala mwenyewe alikuwa akimtengea.

Na mwanamke huyo alimwogopa kinyonga. Teke la springi halikumtikisa, damu ya hospitalini haikumtikisa, lakini kinyonga mmoja aliyetembea juu ya dirisha la ghala, kwa mwendo wake ule wa kusitasita, alimtoa nje mbio, viatu vya mvua vikipigana miguuni. Alikaa barabarani mpaka Wafula akampeleka kinyonga yule kwenye ua wa mbali kabisa. Aliporudi alituambia tusicheke, na tukacheka.

Huyo Wafula ndiye aliyetuletea siku mbaya kuliko zote. Springi inahitaji mafuta, kidogo sana, na yawe ya aina yake. Mafuta yalikuwa yameisha. Wafula, fundi wa pikipiki, akaona hilo si tatizo. Mafuta ni mafuta. Akamimina ya injini, na kwa kuwa ana moyo wa ukarimu, akamimina ya kutosha. Ambacho hakukijua ni kwamba springi ikiachia kwa nguvu, hewa ndani ya bastola inakuwa moto kwa kitambo kidogo, na mafuta yale yakiwepo yanawaka. Wafula alisimama, akanyoosha mkono, akafyatua. Ukasikika mlio ambao klabu yetu haikuwahi kuutoa, mlio wa bunduki hasa, na moshi ukatoka mdomoni mwa bastola. Kidonge kilipita karatasi, kikapita ubao, kikaingia kwenye gunia.

Nje, soko dogo la barabarani lilinyamaza. Mama mmoja muuza nyanya aliacha nyanya zake akakimbia. Nilitazama mlangoni nikaona mzee mmoja amelala chini kifudifudi, mikono kichwani, bila kuambiwa na mtu, na nilijua mara moja alijifunzia wapi. Sikuweza kucheka wakati ule, wala siwezi sasa.

Kocha hakumgombeza Wafula. Aliiweka bastola mezani, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa yule mzee, akachuchumaa matopeni karibu naye. Hakumwinua. Alikaa naye pale pale chini mpaka mzee mwenyewe alipotaka kuinuka. Kisha akapita kibanda kwa kibanda, akiomba msamaha kwa jina la klabu, akaokota nyanya zilizoanguka. Polisi walipofika walimkuta akiokota. Alipowaeleza habari ya mafuta ya injini, mkubwa wao alimtazama Wafula kwa muda mrefu, akasema, "Wewe bana, pikipiki yangu usiiguse."

Jumamosi iliyofuata Kocha alitupeleka wote, pamoja na Wafula, kwenye vile vibanda. Tulikaa kimya mbele ya watu wa soko kama tunavyokaa ghalani, na yeyote aliyetaka kuuliza akauliza. Halafu akawakaribisha ndani waone. Yule mzee aliingia. Alishika kidonge kwenye kiganja, akakigeuza, akasema, "Kumbe ni hii tu?" Nilijivunia klabu yetu siku ile kuliko siku yoyote ya medali.

Za medali nazo zilikuwepo, na Kocha alizipenda, ingawa angekula kiapo kwamba hazipendi. Ungemjua kwa kutembea. Akishinda, alianza kusalimia watu kwa mkono, mmoja mmoja, akipita mbele ya walioshindwa, akiwauliza habari za nyumbani kwa sauti ya upole sana. Akimaliza mstari, alikumbuka mtu aliyemsahau, akarudi kuanzia mwanzo. Akishindwa, alikuwa na kichwa kinachomuuma na alitaka twende nyumbani sasa hivi.

Sisi hakutusifu. Ukipiga vibaya alisema "Haya." Ukipiga vizuri alisema "Haya." Ilikuchukua mwaka kutofautisha.

Na alikuwa na tabia moja iliyonisumbua: hakukuchagulia kitu. Mtu akija na swali la springi au gesi, Kocha alimwambia yote aliyoyajua juu ya zote mbili, akamalizia kwa kumwambia gesi ni ya wavivu, kisha akasema, "Chagua. Harafu beba." Mimi nilichagua gesi. Nilikuwa nimechoka kupigwa teke. Nilikwenda mashindano ya Bungoma nikiwa na bastola ya gesi niliyoilenga vizuri kabisa asubuhi za Kitale, sweta mwilini, pumzi ikitoka kama moshi. Bungoma iko chini, kuna joto, na ukumbi ule ulikuwa wa mabati na saa ilikuwa ya mchana. Vidonge vyangu vilipanda juu, vyote, vikakaa pamoja vizuri sana mahali ambapo hapakuwa na alama. Nikageuka kumtafuta Kocha. Alikuwa anakula karanga.

"Ulijua?" nikamuuliza baadaye.

"Nilikwambia joto inaipandisha."

"Lakini hukunikumbusha leo."

"Wewe ndio ulichagua. Beba."

Nilikasirika mpaka nikanuna wiki nzima. Kisha nikaamua kubeba kweli. Nikaijifunza gesi kama mtu anavyomjifunza mama mkwe: inachopenda, inachochukia, saa zake za hasira. Nilijua kilengeo cha nyuma kinageuzwa kiasi gani ukitoka baridi kwenda joto, nilijua kuweka kichupa mfukoni kwenye joto la mwili na kamwe si karibu na jiko, nilijua kungoja kati ya pigo na pigo. Nikaanza kushinda. Kocha akanibandika jina, mama wa gesi, na alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa, lakini kila mgeni aliyeuliza habari ya gesi alimwelekeza kwangu.

Vidole vilianza bila sisi kujua, maana alivificha. Tuligundua kwa jambo ambalo kwake lilikuwa dhambi. Alitufundisha kwamba bastola ya springi haiachwi imekunjwa. Ukiiacha hivyo springi inachoka na haitarudi kuwa ile ile, na pia si salama. Asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta amekaa kwenye gunia, bastola yake mapajani, imekunjwa tayari, bila kidonge. Alikuwa ameikunja kwa goti na mikono yote miwili, peke yake, kabla hatujafika, ili tusimwone akihangaika. Vidole vyake vilikuwa vinene na vyekundu. Alinitazama, akaona nimeona.

"Haya," akasema.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kitu. Nililia kidogo, nasema ukweli.

Habari ikaenea, na kila mtu akapata dawa yake. Dawa ya Wafula ndiyo iliyopendwa. "Kocha, si mimi nitakukunjia tu? Wewe unapiga, mimi nakunja. Hata Bungoma watakubali, nimeuliza." Na kweli alikuwa ameuliza, na kweli walikubali; kwa umri wake na mikono yake, mtu mmoja angesimama pembeni amkunjie. Tulifurahi. Tulidhani tumemaliza.

Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. "Asante, Wafula," akasema. "Rakini mtu akinikunjia, amepiga nusu. Na mimi sitaki kupiga nusu."

"Sasa Kocha, utafanya aje?"

"Nitafikiria."

Alifikiria muda mrefu. Aliacha kuja mazoezini, mara mbili, tatu. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akipima. Angebaki na springi, angebaki na maneno yake yote ya miaka hiyo, yote yakiwa ya kweli, na mkono wa mtu mwingine ungefanya kazi nzito. Au angepiga peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa bastola aliyokuwa ameicheka mbele ya kila mtu tuliyemjua. Mimi nilijua ningechagua nini. Ningemwachia Wafula akunje.

Alikuja dukani kwangu siku ya soko, msimu wa kupanda, duka limejaa wakulima wa mbegu na mbolea. Nilimwita aje mbele, lakini alikataa kwa kichwa, akapanga foleni. Alingoja zamu yake nyuma ya mtu wa dawa ya kupe. Alipofika mbele, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, vile vidole wazi, akasema kwa sauti ambayo haikujificha hata kidogo:

"Mama Neema, nataka unifundishe bastola yako."

Mzee aliyekuwa nyuma yake alirudi hatua nzima.

"Ya upepo," nikawaambia watu haraka. "Ya mchezo, jamani." Kisha nikamwambia yeye, "Kocha, ungenipigia tu simu ningekuja kwako."

"Mwanafunzi anaenda kwa mwalimu," akasema. "Si ndio? Ama siku hizi imebadilika?"

Sijawahi kuona mtu akijishusha namna ile na kuonekana mrefu zaidi.

Alikuwa mwanafunzi mbaya. Ninasema kwa upendo. Alibishana na kila kitu. Alisema bastola haina teke, atajuaje kama imetoka? Alisema inasikika kama mtu anapiga chafya kanisani. Alipiga haraka, kichupa kikapoa, vidonge vikashuka, akaitazama bastola kama vile imemtukana. Nikamwambia angoje kati ya pigo na pigo. Akasema kungoja ni kwa wavivu. Nikampa kikombe cha chai, kimejaa hadi ukingoni, nikamwambia anyooshe mkono mpaka nimalize changu. Alinitazama sana. Kisha akanyoosha. Vidole vilitetemeka, chai ikamwagika, na kabla sijasema neno alikuwa ameshachukua kitambaa. Nilijaribu kumnyang'anya, akanipiga mkono.

Kitu kimoja tu kilibaki kumshinda, nacho ni skurubu ya kukazia kichupa. Ni ndogo, inageuzwa kwa ncha za vidole, na ncha zake ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Nyumbani alijizoesha. Siku nyingine iliingia, siku nyingine haikuingia. Nilimwambia kichupa kimoja kinaweza kisitoshe mashindano mazima, kwamba katikati itabidi abadilishe, saa ikienda. "Najua," akasema. Wala hakuniambia kama siku hiyo ingeingia.

Basi mwaka huu tulikwenda Bungoma. Tuanze na matokeo, ili tusikae roho juu: Kocha hakushinda. Alimaliza katikati, chini yangu, juu ya vijana kadhaa wenye bastola nzuri kuliko yake na miwani ya bei. Hakusalimia watu kwa mkono, na kichwa hakikumuuma.

Ukumbi ulikuwa ule ule wa mabati, joto lile lile. Wapigaji walipoitwa, msimamizi, kijana mwenye adabu, alimwona na kumsogezea kiti. "Kukhu, karibu ukae hapa, utaona vizuri," akamwambia, kama unavyomwambia bibi yako.

"Hapa mimi si kukhu ya mtu," akasema Kocha. "Hapa mimi ni mpigaji. Mstari yangu ni gani?"

Nikamsogelea kabla hajasimama mstarini. Nilikuwa nimehesabu joto la ukumbi kichwani mwangu tangu tuingie. "Kocha, geuza kilengeo cha nyuma. Kishushe. Hapa itapanda."

Nilijiandaa kwa ubishi. Aligeuza pale pale, kiasi nilichomwonyesha, bila kuuliza.

Akaanza. Alipiga na kungoja, akapiga na kungoja. Nilisimama nyuma ya mstari wa njano ambao mtu mwingine haruhusiwi kuuvuka, nikiuona mgongo wake ndani ya sweta jeupe la uuguzi, umenyooka. Vidonge vilikaa vizuri. Kisha vikaanza kushuka, kimoja, kingine, na nikajua kichupa kimekwisha. Naye alijua. Akaiweka bastola mezani, akatoa kichupa cha zamani, akaingiza kipya, akashika skurubu.

Haikugeuka.

Akajaribu tena. Vidole viliteleza. Akajipangusa kwenye sketi, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Saa ya ukutani ilikuwa inaenda. Mmoja baada ya mwingine wapigaji wa mistari mingine walimaliza, wakageuka kutazama. Ukumbi mzima ukawa unatazama mikono ya mama mmoja mzee. Wafula, nyuma yangu, alikuwa anapumua kwa mdomo. "Mama Neema," akanong'ona, "nenda basi, si dakika moja tu?" Na mimi miguu yangu ilitaka kwenda. Vidole vyangu vyenyewe vilikuwa vinageuza skurubu hewani, navihisi hata sasa.

Msimamizi akanijia haraka. "Saa inaisha. Nimkazie? Haitaandikwa popote, ni msaada tu. Huyu mama ataumia kweri."

"Hapana," nikasema.

"Hapana? Wewe ni nani wake?"

Nilimtazama Kocha. Hakuwa amegeuka kunitafuta, hata mara moja.

"Mimi ndiye kocha wake," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mwache."

Alirudi nyuma. Kocha alikuwa ameinamisha kichwa, ameacha kujaribu, amekaa kimya tu, mikono juu ya meza, kama watu wa kanisa lake wanavyokaa. Niliogopa amekata tamaa. Kisha akaishika skurubu polepole, kati ya pande za vidole viwili pale ambapo hapakuwa pamevimba sana, akaegemea kwa bega lote, na skurubu ikasogea. Kidogo. Tena kidogo. Nikasikia gesi ikipumua na kunyamaza, ishara kwamba kichupa kimeshika.

Akainua mkono.

Nyuma yangu watu wakaanza kupiga makofi. Nikawageukia, machozi yakinitoka wazi, nikawaambia wanyamaze, mchezaji wangu bado hajamaliza.